Mshipi umetatana, wavu umekatika, boti inalala upande: chanzo kitafute kwenye upangaji

Boti ninayovulia hapa Tanga ni ya faiba, futi 23, na mashine moja ya farasi 15. Ukishatoa nafasi ya watu watatu, kasha la barafu, madumu ya petroli na nyavu, panapobaki hapatoshi hata kutandika mkeka. Hapo hapo ndipo zinapotakiwa kukaa mishipi (nyuzi za kuvulia), dhulumati (kamba ndefu yenye ndoana nyingi), ndoana, chubwi (vizito vya kuzamisha mshipi), chambo, nanga, taa, betri, chakula na maji ya kunywa. Na kila kimoja tunataka kipatikane gizani, chombo kikirushwa, mkono mmoja ukiwa na kazi nyingine.

Mambo mengi ambayo tunasingizia uzi feki, mkosi au bahari chafu, ukiyafuatilia nyuma unafika kwenye kitu kilichowekwa pasipo pake, mara nyingi jana yake, nchi kavu. Ndiyo maana hapa naanza na dalili, yaani kile unachokiona, halafu tunarudi nyuma kukitafuta chanzo.

Mshipi umetatana kabla haujagusa maji

Kutatana kuko kwa namna mbili, na dawa ya moja haitibu nyingine. Toa chubwi na ndoana, legeza kama pima mbili za mshipi, acha kitanzi kining'inie mkononi. Kitanzi kikijisokota chenyewe kama nywele za kusuka, uzi wako una msokoto. Kikining'inia kimya lakini mshipi umejaa mafundo, uzi ni mzima ila umeuhifadhi vibaya.

Tuanze na msokoto, kwa sababu huo ndio watu hawauelewi na wanaishia kutupa uzi mzima. Wengi wetu tunaviringa mshipi kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Unaviringa kwa kuizungusha chupa mkononi, safi kabisa. Ukifika mwambani unaisimamisha chupa sakafuni, unatupa chubwi, na uzi unachomoka wenyewe kwa kupita juu ya mdomo wa chupa. Kosa liko hapo. Kila duara linalochomoka kwa njia hiyo linauachia uzi msokoto mmoja. Chupa ile ina mzingo wa kama sentimita 28, kwa hiyo mshipi wa mita 100 unapata misokoto zaidi ya 350 kwa kushushwa mara moja tu. Shusha na kupandisha hivyo asubuhi nzima uone utabaki na nini.

Dawa yake: kama uliviringa kwa kuzungusha chupa, basi toa pia kwa kuizungusha. Ishike kwa ncha zote mbili iache ijiviringe, au pitisha kijiti katikati iwe kama gurudumu. Ubao wa kuviringia wenye mabonde mawili nao ni vilevile, uzungushe wakati wa kutoa. Na uzi ambao tayari umeshasokotwa, usiukate. Mkiwa njiani, mashine ikienda polepole, uachie wote nyuma ya boti bila ndoana wala chubwi, uburute dakika kadhaa. Maji yataufungua. Angalia tu usiwe karibu na propela.

Mafundo ya kawaida yana asili nyingine. Mishipi miwili kwenye chupa moja, ambayo ni uvivu na mimi mwenyewe nimeufanya. Au chubwi kuachwa ikining'inia, inapita chini ya uzi kila boti inapoyumba. Au kuvuta samaki na kuuacha uzi uanguke miguuni, mwenzio akaukanyaga, mara nanga ikaburutwa juu yake. Kwa hili la mwisho beseni la plastiki ndilo mkombozi: vuta mshipi uanguke ndani ya beseni, usiupange, usiugeuze. Kilichoingia mwisho kiko juu na ndicho kitakachotoka kwanza, kwa hiyo ukishusha tena unateremka bila shida. Chini ya beseni weka gunia bichi lisiteleze.

Ndoana zina kutu, na kopo lilikuwa limefungwa

Kufungwa kwenyewe ndiko kulikoziua. Ndoana moja iliyotoka baharini ikirudi humo na chumvi yake, ile chumvi inaendelea kuvuta unyevu wa hewani, na kifuniko kinauzuia usitoke. Baada ya wiki unakuta mkufu mwekundu. Kutu ikienda kasi kuliko kawaida, angalia kama humo ndani umechanganya ndoana na vile vipete vya shaba vinavyozunguka. Chuma na shaba vikiguswa na maji ya chumvi vinakuwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni chuma.

Kosa la pili la kutu ni sponji. Tunachomeka ndoana kwenye kipande cha godoro kwa sababu kinashika vizuri, tukisahau kwamba kinashika maji vizuri pia. Tumia ndala iliyochakaa. Raba ya ndala hainywi maji, inabana ndoana, na ikianguka majini inaelea na ndoana zako juu yake. Ndala moja ya mtu mzima inabeba ndoana 30 bila kugusana kama utazipanga kwa safu.

Ndoana mpya kopo lake, zilizotumika kopo lao. Zilizotumika zipate maji baridi, yaani maji ya bomba au kisima, zikauke juani dakika chache, ndipo zipakwe tone la mafuta ya nazi. Oili ya mashine inazuia kutu vizuri zaidi, lakini sitaki chambo changu kinuke gereji.

Halafu kuna ile dalili ambayo hugunduliwa na unyayo. Ndoana ikipotea sakafuni hakuna ufundi mwingine zaidi ya hesabu: zimetoka 12, zirudi 12, na kama zimerudi 11 hakuna anayevua viatu.

Kwa wenye dhulumati, kama ndoana zinaruka mbilimbili wakati wa kutega, au moja inamvuta mwenzake, basi nyuzi fupi zimekatiza juu ya kamba kuu. Kamba kuu ilale katikati ya beseni au tenga kwa miduara, ndoana zikae ukingoni kwa mfuatano wake. Ule ukingo uvishe kipande cha tairi la baiskeli, ukikate mipasuko midogo, kila mpasuko ndoana moja. Mpasuko wa kwanza na wa mwisho utie alama, uwe na uhakika unaanzia upande gani. Kazi hii ifanywe pwani, kukiwa na mwanga. Anayeipanga dhulumati boti ikiwa njiani anajitafutia kidole kilichotobolewa.

Wavu unakatika, na hakuna papa aliyepita

Hapa tukae kidogo, maana wavu ni pesa nyingi na sababu zake za kufa zinafanana kwa mbali. Usiharakishe kushona. Kwanza tazama tundu lenyewe.

Tundu lenye mstari mrefu, nyuzi zimepasuka kwa kufuatana, limetokana na kitu kilichoukamata wavu wakati unatoka: kichwa cha msumari, kona ya kasha, bolti ya mashine, faiba iliyochanika ukingoni. Pitisha soksi kuukuu ya nailoni au kitambaa chepesi mahali pote wavu unapopita. Kitakaponasa, hapo ndipo pa kupiga msasa au kuvisha mpira.

Tundu dogo lenye ncha zilizotafunwa, tena karibu na mahali palipoganda utelezi wa samaki, ni la panya, na alilitoboa nyumbani. Panya hana haja na nailoni, anafuata harufu. Wavu uliooshwa na kutundikwa kwenye boriti hamsumbui sana. Wavu uliorundikwa kona ya banda na magamba yake ni karamu.

Kama wavu mzima umekuwa mwepesi kukatika, fanya jaribio. Kata uzi mmoja kutoka sehemu inayokaa juu ya rundo na mwingine kutoka ndani kabisa. Vifunge fundo na uvute kwa ghafla. Wa juu ukikatika kirahisi na wa ndani ukikupa taabu, ni jua. Nailoni haiozi kama nyavu za pamba walizovulia wazee, na hilo limetudanganya tukaona haihitaji matunzo. Haiozi, ila mwanga wa jua unaikausha nguvu mwaka hadi mwaka. Turubai juu ya nyavu, hewa ipite pembeni, na kukausha kufanyike kivulini.

Ya mwisho ndiyo iliyonitesa mimi. Wavu wangu ulikuwa unatoboka mabaka mabaka, kama ulioungua, lakini bila weusi wa moto. Ukigusa kwa kidole uzi unakatika kama tambi. Sentimita 30 pembeni ya baka, uzi ni mzima na mkali. Nilishona, wiki iliyofuata baka jingine. Nikamlaumu aliyeniuzia, na maneno niliyosema siyarudii hapa. Kumbe tulikuwa tumebeba betri ya gari kwa ajili ya taa za usiku, na kwa kuwa nafasi ni ndogo betri ilikaa kwenye ubao, wavu chini yake. Boti ikilala, maji ya betri yanachuruzika kupitia vifuniko. Yale ni asidi ya salfa, na nailoni ambayo haisikii maji ya chumvi wala petroli, kwa asidi kali haina ubishi. Usiku mmoja nilivaa kaptura ya nailoni nikakalia ubao huo. Asubuhi ndipo nilipoelewa kila kitu.

Betri ikae ndani ya ndoo au kreti ya plastiki yenye kimo cha kuizidi, imefungwa kamba isipinduke, mbali na nyavu, mbali na kamba ya nanga, na mbali na petroli. Juu yake pawe wazi, kwa sababu ikichajiwa inatoa hewa inayoshika moto. Wavu ambao umeshaguswa, suuza kwa maji mengi na ukate mabaka yote mpaka uzi mzima, usishone juu ya uzi uliokufa.

Maboya nayo yatazame. Yakiwa ya lile povu jeupe linalofungiwa televisheni, na yameanza kunywea au kuwa na mashimo laini, petroli imeyagusa. Povu lile kwenye petroli linayeyuka kama sukari kwenye chai. Wavu wenye maboya yaliyopungua unazama upande mmoja, na mvuvi anasema mkondo ulikuwa mkali.

Wavu unakwama wakati wa kutupa

Hapa tatizo ni moja tu: maboya na risasi, yaani vile vizito vya kuzamisha wavu, vimelala pamoja. Wakati wa kupandisha, mtu mmoja avute kamba ya maboya aiweke upande wa tezi (nyuma), mwingine avute ya risasi aiweke upande wa omo (mbele), wavu wenyewe ulale katikati kwa mikunjo. Bendera na boya la mwisho vikae juu kabisa. Kama mko wawili tu na mmoja yuko kwenye mashine, pandisha polepole. Dakika 20 unazookoa kwa kurundika utazilipa kesho yake, tena kwa riba.

Boti inalala upande, au pua haikai sawa

Jiulize imeanza lini. Ikiwa imelala tangu mnaondoka diko, pale pwani boti zinapotia nanga, ni mzigo wa pwani. Ikiwa imelala baada ya kupandisha, ni wavu. Tunapandisha upande mmoja, mara nyingi ule ule kila siku, wavu unabaki pale pale umejaa maji, na samaki wanatupwa juu yake. Halafu maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya boti, yanafuata upande ulioinama, na hapo ndipo mchezo unapokuwa mbaya: maji hayakai, yanakimbilia kwenye kasoro na kuizidisha. Wavu ukishapanda ulazwe katikati kabla ya kuwasha mashine, na maji yafuliwe (yachotwe na kumwagwa nje) kwanza.

Uzito unahama hata kama hujagusa kitu. Dumu la lita 20 la petroli lina kama kilo 15, la maji kilo 20. Mkiondoka na madumu matatu ya petroli nyuma mna kilo 45 ambazo hazitakuwepo wakati wa kurudi, ilhali kasha lililokuwa na barafu tu sasa lina barafu na samaki. Kwa hiyo mpangilio mzuri wa kwenda si lazima uwe mzuri wa kurudi. Sisi tunaliweka kasha katikati, na madumu matupu tunayahamishia mbele, yafungwe yasiruke.

Pua ikiinuka sana mashine inapokolea na anayeendesha haoni mbele, nyuma kumejaa: petroli, betri, na watu wawili wanaopiga soga. Pua ikizama na kuchota maji, mbele kuna nanga mbili na wavu mbichi. Hiyo ya pili iogope zaidi, hasa miezi ya kusi mnaporudi na mawimbi mgongoni. Wimbi linainua tezi, omo linachimba, chombo kinageuka ubavu. Wavu mbichi usikae omo wakati huo, hata kama ndiko kuna nafasi.

Kitu kipo, ila hakipatikani

Nilipokuwa kijana nilivua na mzee mmoja kwenye dau la mbao lililokuwa likivuja kwenye kalfati, yaani pamba inayozibia viungo vya mbao. Usiku mmoja upepo ulibadilika, maji yakaanza kufika kwenye vifundo vya miguu. Mzee, akiwa kwenye usukani, akapaza sauti, "Mwanangu, upo upo?"

"Nipo, mzee!"

"Sikuulizi wewe! Upo, upo?"

Upo wa kufulia maji ulikuwepo, lakini chini ya nyavu, na juu ya nyavu kulikuwa na nanga. Nilifua kwa sufuria ya ugali. Tulicheka siku nyingi baadaye, si usiku ule.

Tangu hapo nina vitu vitano ambavyo haviwekewi kitu juu, liwalo na liwe: upo, kisu, tochi, nanga na majaketi okozi. Upo umefungwa kamba ya pima moja kwenye ubao wa kukalia, ili hata ukiruka usiende. Kisu kiko kwenye ala iliyopigiliwa ndani ya ukingo karibu na mashine, kwa sababu kamba ikishika propela huna muda wa kufungua begi. Tochi na simu vimo kwenye dumu dogo la mdomo mpana, na dumu hilo linaning'inia ndani ya susu, ile ile ya jikoni, chini ya ubao wa mbele. Susu inakunywa mrusho wa boti vizuri kuliko sanduku lolote nililowahi kununua.

Nanga ina dalili yake: inakawia kushuka, au inashuka na mguu wa mtu. Kamba yake ikae peke yake kwenye kreti au tenga, ishushwe humo kidogo kidogo inapopandishwa, isizungushwe kiwikoni kama waya wa umeme. Ncha ya mwisho ifungwe kwenye boti kabla hujaondoka. Naandika hivyo kwa sababu nimeshaona nanga na mita 60 za kamba vikienda zake, na mtu aliyeishika akibaki anaangalia mikono. Ukiona kamba inaelea juu ya maji badala ya kuzama, na inanaswa na propela kila mara, hiyo ni ya polipropilini. Funga pima chache za mnyororo au chubwi nzito karibu na nanga, au tumia ya nailoni inayozama.

Majaketi tunayakalia. Kila mtu anayakalia, ni laini. Lakini povu lililokandamizwa kila siku linapungua kuelea, na likiwa chini ya makalio ya mtu mzima huwezi kulipata kwa sekunde tatu. Yatundike mgongoni mwa viti, mbali na jua kali.

Samaki wananuka petroli

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa sakafuni, mahali pale pale unapotupa samaki. Dumu linalovuja kwenye kifuniko, hata kidogo, linatosha kumfanya mnunuzi pale diko akunje pua. Hiyo si harufu tu, ni moto unaosubiri mtu awashe sigara. Madumu yenye petroli yasimame, vifuniko juu, nyuma kabisa, na kipande cha ubao kiyatenge na kasha. Chambo kiwe na ndoo yake yenye barafu kidogo, kisichanganywe na samaki wa kuuza.

Kabla ya safari ijayo, boti ikiwa bado mchangani, kaa mahali pako pa kawaida, fumba macho, na mwenzio akutajie kimoja kimoja: upo, kisu, tochi, jaketi, ncha ya kamba ya nanga. Usisimame, nyosha mkono tu. Ambacho hujakigusa hadi amehesabu kumi, kihamishe kabla hamjasukuma chombo majini.